Hukusinzia, Ami

Junda, Kisauni.

Kwa Ami yangu Mbarak,

Assalaam aleikum. Shikamoo, Ami. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Timbwani, na kwamba kifua cha mkeo, Bi Mishi, kimetulia. Mimi mwanao sijambo, ila moyo ndio haujatulia. Tangu usimamishwe kazi simu zangu hupokei, na nikija mlangoni naambiwa umetoka, na viatu vyako naviona. Basi nimeandika, tena kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea. Usinicheke.

Najua watu wa godauni wamekwambia kwamba ni ile mashine iliyokuponza, na kwamba mimi nilishindwa kukutetea. Kweli mambo yalianzia hapo. Unazikumbuka kamera walizozifunga kwenye foklifti zenu za kuinulia mizigo mwezi wa Rajabu, zenye akili mnemba ya kumsoma dereva usoni. Ya kwako ilipeleka ripoti kwamba unasinzia ukiendesha, ukaambiwa ukae kando kwanza. Watu walikasirika. Thoya, anayepanga magunia ya chai kushotoni mwako, aliapa kwamba hajapata kukuona hata ukipiga mwayo.

Wiki ile ile sisi wa ofisini tukaitwa mafunzoni. Wenye kampuni wako ng'ambo, na sheria ya kwao inataka kila anayetumia mashine hizi azielewe, la sivyo ni faini. Mkufunzi alikuwa mama mmoja kutoka bara, Pascalia, mpole lakini hana mzaha. Alitwambia kwamba mashine haijui usingizi ni nini. Inaona macho yaliyofumbwa tu, mengine inabahatisha. Kwa hivyo kabla mtu hajaadhibiwa, lazima binadamu atazame picha mwenyewe, aamue, na aweke jina lake. Meneja akaniteua mimi. Nilimwambia kwamba wewe ni ami yangu, akasema hana mwengine. Sikufichi, nilifurahi. Nilijiambia, huyu ndiye aliyenilea, akaniombea na kazi hii, leo nami nitamfaa.

Nikaachwa chumbani na picha zako. Nje watu wakingoja, Thoya mbele yao. Swali lilikuwa moja tu: dereva amesinzia au hakusinzia? Nikatazama. Wallahi hukusinzia. Ulikuwa ukifumba jicho la kushoto kila jua lilipopiga mlangoni, na kugeuza shingo nzima kutafuta kilichoko upande ule. Ningeandika neno moja tu, hakusinzia, ningekuwa nimesema kweli, na ungerudi kazini siku hiyo hiyo. Kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Kisha ikaja picha ya mwisho, ya kamera ya ukutani. Thoya ameinama kushotoni mwako kuokota kamba, na vile vyuma vya foklifti vinampita karibu na kichwa. Hukugeuka wala hukupunguza mwendo. Yeye hakujua, na wewe hukujua. Kalamu nikaiweka chini. Nikakumbuka siku ya Idi ulivyomimina kahawa nje ya kikombe, ukamsingizia Bi Mishi kwamba amekisogeza, nasi sote tukacheka.

Basi yasikie kwangu, Ami, usiyasikie kwa watu. Kauli ya mashine niliifuta. Aliyekusimamisha ni mimi. Niliandika kwamba hukusinzia, bali jicho la kushoto halioni sawasawa, na usiendeshe mpaka upimwe. Nilipotoka niliwaambia harudi, basi. Thoya alitema mate miguuni pangu. Sikumwambia sababu, kwa kuwa siri ya jicho lako ni yako. Nami nahisi unaijua tangu zamani, unaogopa kuambiwa. Hata mimi naogopa. Lakini ungemuua, Ami, nawe usingeweza kuishi na hilo.

Jumatatu nimeomba ruhusa. Nitakuja mapema nikupeleke kwa daktari wa macho. Huenda ni mtoto wa jicho, na hilo inshallah lina dawa. Usiponifungulia nitakaa barazani mpaka ufungue; wanijua nilivyo.

Mbusu Bi Mishi mkono kwa niaba yangu. Nimempa barua hii akupe mkononi, na nimemkataza asikusomee. Kaa nayo dirishani, uishike upande wa kulia. Herufi nimezifanya kubwa ili uisome mwenyewe, pasi na mtu kujua.

Ni mimi mwanao akupendaye, hata ukinichukia,
Mwanamkasi