Neno la Mlinda Lango

Mjimwema, Songea
Alhamisi, 10 Juni 1999

Kwako Kaka Dastan,

Shikamoo kaka. Pokea salamu zangu huko huko zitakakokukuta, kazini au kwenye kile kiti chako mbele ya televisheni. Mimi ni mzima, ukiacha mafua ya baridi hii ya Juni ambayo wewe uliyezoea jasho la Dar es Salaam umeshaisahau. Asubuhi nikiwafundisha Kiingereza watoto wa darasa la tano, kila neno linanitoka na moshi mdomoni. Baba hajambo, mguu unamsumbua kidogo tu. Mama hajambo pia, amemaliza kuvuna maharage ya bondeni na anasema usipokuja Desemba atayala yote peke yake. Vipi Wifi na watoto? Yule mdogo ameshaota meno? Tunawaombea kila siku.

Barua yako ya Mei niliipata. Ulisema kwamba kwa kuwa mkanda wa video wa mwisho wa tamthilia yetu ya Taji la Chumvi ulipotea njiani, na wewe huna deki ya pili ya kunakilia, basi tukishindwa kuvumilia utatuandikia mwisho wake kwenye karatasi. Niliwasomea wote Jumapili ile kwa Mzee Bashiru. Walikataa kwa pamoja, kaka. Baba alisema barua haionyeshi sura za watu. Baba mdogo Otto alisema hajavumilia misimu mitatu ili aje asomewe kama tangazo la kifo. Ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakikubaliana tangu nilipokuwa chuo cha ualimu.

Ngoja nikueleze jambo hili tangu mwanzo, maana wewe unajua vipande tu. Krismasi ya mwaka juzi ulituletea deki, ukasahau kwamba nyumba ya Baba haina televisheni. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, ikakaa sebuleni jirani na sanamu ya Bikira Maria. Televisheni ilikuwepo kwa Baba mdogo, aliyoinunua kwenye safari zake za mitumba, nayo ilikuwa inaonyesha chenga tu kwa kuwa mawimbi ya huko kwenu hayafiki huku. Nyumba moja ina deki, ya pili ina televisheni, na katikati kuna ndugu wawili wa tumbo moja ambao hawajasalimiana tangu mwaka 1994.

Sababu unaijua. Baba alikuwa karani wa mizani wa ushirika kwa miaka ishirini na miwili. Ruhusa ya wanunuzi binafsi ilipokuja, mdogo wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwapeleka kwa wakulima wa tumbaku. Ghala likafungwa, Baba akarudi nyumbani na peni zake mfukoni, akaapa kwamba hatakanyaga kwa Otto mpaka afe. Na ubishi wa wazee wetu wewe unaufahamu, umeurithi.

Aliyetutoa pale ni Mzee Bashiru, mtani wetu, Myao wa korosho ambaye nyumba yake iko kati ya hizo mbili. Kwa kuwa mtani haogopi kumkasirisha mtu, alikwenda kwa Baba akamwambia Wangoni ni watu wa ajabu, mmoja ana sufuria na mwingine ana kifuniko, na wote wawili wanakula mahindi mabichi. Akaenda kwa Baba mdogo akasema hivyo hivyo. Kuanzia hapo kila Jumapili baada ya misa nimekuwa nikiibeba deki kichwani, na televisheni inakuja kwa toroli kutoka upande wa pili, vinakutana sebuleni kwa Bashiru. Mimi ndiye ninayewafasiria Kiingereza cha tamthilia.

Miezi ya kwanza ilikuwa kichekesho. Baba alikaa mwisho huu wa benchi, Baba mdogo mwisho ule, na maneno yao yote yalipitia kwa mwenye nyumba. Mwambie ndugu yako asogeze kichwa. Mwambie ndugu yako kichwa hiki ndicho nilichozaliwa nacho. Mzee Bashiru alikuwa anayafikisha maneno hayo kwa heshima zote, na kila mara anaongeza la kwake.

Halafu ule msimu wa tatu ukaishia pale ulipoishia. Wewe umeona mengi baada ya hapo, kwa hiyo nikukumbushe tulipoachwa sisi. Mfalme wa Mapango amekufa bila kutaja mrithi. Taji lake la chumvi linayeyuka likivaliwa na mwongo, na watu watatu wanalitaka. Yule mlinda lango mwenye jicho moja, ambaye misimu yote mitatu hajatamka hata neno, anasimama mbele yao, anafungua mdomo, na mkanda unakatika. Siku hiyo hakuna aliyeinuka kwenye benchi. Mama alinishutumu kwamba nimesikia neno lenyewe nikawaficha.

Tangu hapo Mjimwema hapakaliki. Baba anashikilia kwamba mlinda lango ni mfalme mwenyewe, hakufa, amejificha aone nani anatunza ghala akiwa hayupo, na neno lake la kwanza litakuwa jina lake. Mama anasema hapana, ni yeye aliyewafungulia wauaji lango, kung'olewa jicho ndiyo malipo waliyompa, naye ataomba msamaha. Mzee Bashiru anasema ataomba chakula, kwa sababu katika misimu mitatu hajaona mtu wa nchi ile akipika, akila wala akiosha sahani, na hata joka lao limekonda. Baba mdogo ndiye aliyeleta balaa. Alisema mlinda lango atatamka kwamba taji livunjwe, kila nyumba ipewe bonge lake, kwa sababu chumvi ni ya kula na si ya kuvaa.

Baba aligeuka, na kwa mara ya kwanza hakupitia kwa mwenye nyumba. Alimwambia ndivyo mlivyoufanya ushirika wetu, kila mmoja akaenda kwake na bonge lake. Baba mdogo naye akamjibu moja kwa moja kwamba ghala lilikuwa limeshaanza kuyeyuka kabla yeye hajaligusa, wakulima walikuwa wanasubiri malipo yao misimu miwili, na Baba mwenyewe alikuwa anajua. Kisha Mzee Bashiru akatangaza kwamba kwa kuwa Wangoni wawili wamegombana nyumbani kwa mtani, sasa ni mali yake, na atawapeleka Tunduru akawabadilishe kwa gunia moja la korosho, na watu wa kule watadai chenji. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Baba akacheka mwishoni, bila kutaka, na Baba mdogo alipomwona anacheka akatazama chini, akafuta macho kwa kofia.

Kuanzia siku hiyo waliongea. Ni kweli walikuwa wanaongea habari za taji na joka tu, lakini ndani ya taji na joka walikuwa wanapitisha mengine. Januari Baba mdogo alimwuliza kuhusu mguu. Baba alimtumia dagaa wa Nyasa. Nilikuwa nalala nikiwa na furaha, kaka, nakuambia kweli.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Jumapili ya mwisho ya Januari Baba mdogo alisema, bila ubaya wowote, kwamba mkanda wa mwisho ukishaisha ataipeleka televisheni Mbinga kwenye duka lake jipya. Baba akajibu, naye bila ubaya, kwamba basi na deki itarudi chini ya kitambaa chake. Walisema kama watu wanaopanga kupanda mahindi. Mimi peke yangu ndiye niliyeona benchi lile likiwa tupu.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda stendi. Swalehe, yule utingo uliyemkabidhi kifurushi, alikuwa ameenda kuswali, kwa hiyo aliyenipa ni mlinzi wa ofisi ya mabasi, na hakuniandikisha popote. Mkanda haukupotea, kaka. Ulifika tarehe tano Februari, umezungushiwa kitenge cha Wifi cha maua ya njano. Niliupeleka moja kwa moja kwenye sanduku langu la bati, nikaufunika kwa madaftari ya darasa la tano, nikakuandikia kwamba sijaona kitu.

Sikuwa nimemfikiria Swalehe hata kidogo. Wewe uliponiandikia mwezi wa Aprili kwamba umekwenda kulalamika na kwamba utingo umemkomesha, nilijisemea atasahaulika baada ya wiki moja. Nikaendelea kubeba deki kila Jumapili, tukarudia mikanda ya zamani, nao wakaendelea kubishana kwa raha, na mimi nikawa nafasiri kwa sauti nzuri kana kwamba sina kitu rohoni.

Jumapili iliyopita mlango wa Mzee Bashiru ulibishwa hodi, akaingia Swalehe mwenyewe na jogoo kwapani. Alikuwa anapita kwenda Tunduru kwa wakwe zake. Alituambia kwamba tangu Aprili bosi wake amemtoa kwenye gari, anaosha mabasi yadi. Hakuja kujitetea. Alikuja kuomba radhi, kwa sababu mara zote alizojaribu kukumbuka kifurushi kile alimpa nani, kichwa kilikuwa kitupu, na akaona lazima kosa ni lake. Baba na Baba mdogo walimpokea vizuri sana, wakamwambia mkanda si kitu, watu hupoteza hata watoto sokoni. Jogoo akachinjwa. Nilipewa paja, nikalila, na Swalehe ameketi mbele yangu ananikaribisha mchuzi.

Usiku huo sikulala. Jumatatu kabla ya kwenda shule nilitoa kifurushi, nikampigia Baba magoti, nikasema yote. Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Alivaa koti lake la ushirika, lile la vifungo vya shaba, akasema kuku wa yule mtu tumemla nyumba zote mbili, kwa hiyo aibu hii ni ya nyumba zote mbili. Akashika fimbo. Nilidhani tunakwenda kwa Bashiru, lakini alipita mlango wa Bashiru bila kugeuka, akaenda mpaka kwa Baba mdogo, akabisha hodi, akaingia. Miaka mitano, kaka. Mimi nilikuwa nyuma yake na kifurushi mikononi.

Baba mdogo alikuwa stoo anapanga marobota ya mitumba. Alipomwona Baba mlangoni alishtuka, akasogea upesi kuziba kitu kilichokuwa nyuma yake, lakini Baba alikuwa karani wa ghala na jicho lake halijazeeka. Nyuma ya robota kulikuwa na boksi la deki, jipya, utepe wake haujakatwa, vumbi limeshika juu. Baba aliuliza ni ya nani na ni ya lini.

Baba mdogo alifuta vumbi la boksi kwa kiganja. Kisha akasema, "Yangu. Niliinunua Aprili mwaka jana. Ningeifungua, mlongo wangu, ndugu yangu, wewe ningekuonea wapi?"

Baba akasema, "Hapa. Nimekuja."

Akakaa juu ya robota, akaomba maji ya kunywa. Baba mdogo alimletea mwenyewe, hakumtuma mtu. Nilipowaeleza habari ya mkanda, wote wawili walinitazama mimi na kifurushi changu, kisha wakatazama lile boksi, na Baba mdogo akasema kwamba katika ukoo huu hakuna hata mmoja ambaye taji lisingeyeyuka kichwani kwake.

Tulitoka pale watatu tukaenda kwa Mzee Bashiru, alikolala Swalehe. Nilimwomba msamaha mbele ya wote. Aliniangalia, akasema polepole kwamba miezi hii miwili alikuwa anajipima akili, akidhani ameanza kusahau kama mama yake mzazi. Maneno hayo yameniingia, sitayasahau. Baadaye alisema amenisamehe, ila anataka kazi yake. Ameondoka na jogoo wetu mwekundu, yule anayewika saa tisa usiku, na Mama anasema katika kesi hii sisi ndio tuliofaidika.

Kwa hiyo kaka nakuomba, na hili ndilo kubwa kuliko yote, uende ofisini kwao ukamsafishe jina. Ukawaambie aliyekosa ni mwalimu Kunegunda wa Songea, dada yako. Nimeambatanisha pia barua ya wazee kwa ofisi hiyo. Utaona mwandiko wa Baba juu na wa Baba mdogo chini, na sahihi mbili. Ni karatasi yao ya kwanza ya pamoja tangu ghala lifungwe. Kuhusu wewe, najua utakasirika, na una haki. Njoo Desemba unigombeze ana kwa ana.

Mkanda hatujauona. Tumekubaliana usubiri mpaka Swalehe arudishwe kwenye gari lake, na siku atakayoingia Songea na gari hilo, yeye ndiye atakayeutia kwenye deki kwa mkono wake. Tutaangalia kwa Mzee Bashiru kama kawaida, kwa sababu amesema atakayehamisha wageni wake atamshitaki. Televisheni haiendi Mbinga tena. Baba mdogo bado anasema bonge la chumvi, Baba bado anasema ni mfalme, ila jana nilimsikia akikiri kwamba huenda Mama naye ana hoja.

Neno la mlinda lango unalijua wewe peke yako katika ukoo huu. Utakapojibu, andika habari zote za huko, hilo tu usiliandike. Hatuna haraka nalo.

Baba, Mama, Baba mdogo na Mzee Bashiru wanakusalimu mno. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na mshukuru sana Wifi. Kitenge chake nimekishona, na leo nimekivaa kwenda shule.

Mimi mdogo wako mwenye makosa,

Kunegunda Beda Luambano