Rangi ya Buluu Mguuni mwa Mwanapili

Kituo cha Polisi, Msambweni
Jumatano, tarehe 11 Juni 1969
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina langu ni Rispah Mbodze binti Mwero, umri miaka kumi na sita, mwanafunzi wa kidato cha pili. Ninaishi bwenini, kwetu ni Kinango. Naahidi mbele ya Koplo Baya kusema yote niliyoyaona.

Mnamo Jumatatu, saa nne asubuhi, tulikuwa katika somo la sayansi. Mwalimu Thoya alituonyesha kitu cheupe kama nta, alichotumiwa na rafiki aliyesoma naye ng'ambo. Alitueleza kwamba kikipata joto hutiririka kama mafuta, lakini chembe zake hubaki zimejipanga kama za fuwele, ndiyo maana hutoa rangi: nyekundu kwanza, kisha kijani, na buluu joto linapopanda zaidi. Joto likizidi, mpango huvunjika na rangi hutoweka. Fungu moja tulilitia masizi laini ya taa. Rangi zake ziliiva zaidi, tena zilitoweka mapema kuliko za lile jingine. "Chembe ndogo," mwalimu alisema, "lakini zinavuruga safu nzima."

Kisha alitaka tuone joto la mwili. Nilijipaka lile la masizi mguuni, nikampaka na Mwanapili binti Kibwana, wa Ramisi, ninayeketi naye. Mwalimu alikuwa ubaoni, hakumgusa. Mguu wangu ulikuwa mwekundu, ukaingia kijani. Wa Mwanapili ulikuwa buluu tangu kifundo hadi karibu na goti.

"Shoga, leo umevaa soksi za Kizungu!" wasichana walimwambia, naye akacheka. Mwalimu hakucheka.

"Mwanangu, mguu huu umeumia?"

Alijibu kwamba alichomwa na kisiki cha muwa alipokwenda kwao, na kidonda kimekwisha kufunga.

"Kimefunga juu. Ndani panawaka. Nenda hospitali leo."

Kabla hajaenda alishikwa na homa, akachukuliwa nyumbani.

Jana asubuhi baba yake, Mzee Kibwana, alikuja shuleni na wanaume wengine. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Hakuitika. Sijapata kuona mtu mzima asiitikie shikamoo. Alimkamata mwalimu shati.

"Umemtia nini mwanangu? Mguu umevimba palepale penye rangi yako!"

"Mzee, rangi haikuleta ugonjwa, imeuonyesha. Mpeleke hospitali."

"Hospitali haifungui kilichofungwa na mtu. Aliyefunga ndiye atakayefungua. Mwanangu hatoki kitandani mpaka uje wewe."

Wakampiga. Alikuwa chini, miwani imevunjika, na bado akisema, "Hospitali, mzee, hospitali," mpaka askari walipokuja wakamchukua yeye. Nilitaka kusema kwamba aliyempaka Mwanapili ni mimi. Nikarudi nyuma ya wenzangu. Ndiyo maana nimekuja leo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, sikuongeza, sikupunguza.

(Sahihi) R. Mbodze

Nimemsomea shahidi maelezo haya, akayakubali. Mguu wake uliopakwa nimeutazama, hauna dosari. Ameomba kuongeza maneno kwa mkono wake mwenyewe. Koplo Baya.

Afande, naomba unijibu kabla sijarudi shuleni. Mzee Kibwana anamngoja mwalimu, na mwalimu mnaye nyinyi. Sasa ni nani atakayempeleka Mwanapili hospitali?