Chupa za Juani

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na barua. Sisi wazima, mjomba wako ameshaezeka nyumba, na mbuzi kazaa mapacha.

Unauliza kama unitumie vidonge vya antioksidanti, eti vinakinga mwili dhidi ya chembe haribifu nisizeeke haraka. Umenichekesha, maana vitu hivyo nilishavijaribu kwenye mafuta ya samaki, ya sangara.

Miaka ya tisini, viwanda vya minofu vilipofunguliwa hapa Mwanza, nilikuwa nayeyusha mafuta ya sangara na kuyauza mtaa wa Mabatini. Wenzangu waliyafunika kwenye vyungu. Mimi, kwa kujifanya mjanja, niliyapanga juani kwenye chupa zinazoonyesha ndani, yang'ae wateja wayaone. Wiki haikuisha, yalinuka hata paka akasusa.

Nikakimbilia duka jipya la dawa, nikanunua vidonge vya vitamini E, ndiyo hiyo antioksidanti yako, nikavitoboa na kuvikamulia humo. Harufu ikabaki palepale. Niliporudi kulalamika, muuzaji alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, hii inakinga mafuta mazuri yasiharibike. Yaliyochacha haiyafufui."

Nilimwaga yote, nikaanza upya kwa chungu. Biashara hiyo ndiyo iliyomsomesha mama yako.

Mimi nimeshakaa juani miaka mingi, Kabula. Hela hiyo ya vidonge katia tiketi ya basi, ushuke stendi ya Nyegezi. Nitakupikia mchicha na viazi lishe, vyenye kinga hiyo hiyo, maana mafuta mapya ya nyumba hii ni wewe.

Bibi yako, ambaye hata hivyo bado hajachacha.