Binti Yangu Anataka Kurudisha Nyuma Kidevu cha Babu Yake

Shangazi Geum-ok mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho wa barua, kwa sababu mke wangu ameshanicheka vya kutosha na dada yangu ameshanililia vya kutosha na mimi niko katikati sipati usingizi, nami ni mtu mzima wa miaka hamsini na tisa mwenye mgahawa wa tambi baridi hapa Sokcho, ambao kama umewahi kuja huku kuoga bahari basi umepita mbele yake, ule wenye picha ya mwiko wa kupakulia wali, mwiko una macho mawili na unatabasamu, unaitwa Tambi za Mwiko, na huo mwiko, Shangazi, ni kidevu chetu.

Sisi akina Eom tuna kidevu kirefu kilichotangulia mbele, kile ambacho nchi nzima hukiita kidevu cha mwiko, marehemu baba alikuwa nacho, mimi ninacho, dada yangu muuza ngisi wakavu anacho, na binti yangu wa pekee Da-seul, mwenye miaka ishirini na saba, anacho kutushinda sote, mvua ikinyesha kinalowa kidevu kwanza halafu ndiyo pua, lakini huo ni utani wetu wa nyumbani na hakuna anayekasirika. Baba alitoka Hamhung wakati wa vita akiwa kijana wa miaka kumi na saba, akapanda meli akidhani ni kwa siku chache tu, mpaka kati ya Kaskazini na Kusini ukafungwa, akabaki huku, na hakuja na picha wala nguo ya kubadili, alikuja na kidevu, na hadi anakata roho alikuwa akisema mdogo wake aliyebaki kule anacho kidevu kama kile kile, kwa hiyo siku mpaka ukifunguliwa hawatahitaji kuulizana majina. Ule mwaka televisheni ilipokuwa ikiwatafutia watu ndugu zao waliopotezana vitani, baba alisema huenda mdogo wake naye alivuka, akaenda Seoul kusimama na bango lake kama wenzake, lakini wenzake waliinua mabango juu na yeye alilishika chini, kifuani, kidevu kisije kikafunikwa. Hakumpata. Akarudi Sokcho, akafungua mgahawa, akachora mwiko mlangoni.

Sasa mwaka juzi Da-seul alivaa waya za meno nami sikusema kitu, nilidhani ni mambo ya vijana, kumbe ni maandalizi, maana juzi juzi tukiwa mezani akatuambia Alhamisi ijayo anafanyiwa upasuaji wa mataya yote mawili katika hospitali ya chuo kikuu kule Seoul, la juu watalikata walisogeze mbele, la chini watalikata walirudishe nyuma, kisha watayashika kwa vibati na skrubu na kumfunga mdomo kwa vimpira wiki kadhaa. Nikamuuliza, "Kwani umepata mchumba asiyetaka kidevu?" Akasema, "Baba, meno yangu ya mbele hayakutani. Nikipiga mwayo taya linalia, kichwa kinaniuma mpaka kwenye jicho. Nauza tiketi kituo cha basi, nikitaja mji wa Samcheok abiria wananiambia, dada, sema vizuri, na usinitemee." Mke wangu akacheka, na mimi nikacheka kidogo, halafu nikakumbuka kwamba nimekasirika.

Nikamwambia mbona mimi na babu yako tumeishi na meno hayo hayo na hatukufa njaa. Kwetu, Shangazi, mkasi wa kukatia tambi hauwekwi kwenye meza ya mteja, hiyo ndiyo sifa yetu tangu enzi za baba, tambi za Hamhung ni ngumu kama uzi wa kushonea magunia lakini urefu wake ndio urefu wa maisha na anayezikata kwa mkasi anaukata umri wake, mteja akiomba mkasi namwambia, "Bwana, si una meno?" naye anacheka na kesho anarudi, na mimi mwenyewe hula jikoni wateja wakishaondoka, mkasi wangu mdogo huwa nyuma ya chupa ya siki maana meno ya mbele hayanisaidii, lakini huo si ugonjwa, ndivyo tulivyozaliwa. Hayo ndiyo niliyokuwa nikimweleza Da-seul, mke wangu akasema, "Baba Da-seul, hebu nyamaza ule," nami badala ya kunyamaza nikatoa neno ambalo tangu litoke halijarudi. Nikasema, "Haya, nenda. Ila ukirudi na huo uso mwingine pitia mlango wa nyuma, maana wateja wataniuliza huyu nani na mimi sitakuwa na la kuwajibu."

Da-seul aliweka vijiti chini. Hakulia, na ni heri angelia. Akainuka, akavaa viatu, akasema akiwa amenipa mgongo, "Hospitali waliniuliza nani atakuja kuniuguza. Niliwatajia Baba. Baba asipokuja, nitaingia peke yangu."

Tangu hapo hatusemeshani. Dada yangu amekwenda kwa msoma nyuso akaambiwa kidevu ndicho kinachobeba bahati ya uzeeni, ukikipunguza umeipunguza, na mke wangu anasema nikithubutu kupeleka maneno hayo hospitali nikirudi nitakuta kitasa kimebadilishwa. Bahati mimi siiogopi, Shangazi. Naogopa kufungua mlango wa wodi nisimjue mwanangu. Naogopa siku mpaka ukifunguliwa waje watu wa baba, wamkute na kidevu cha watu wengine, wampite. Niende, au nisiende? Na nikienda, nitamwambia nini?

Ni mimi, Eom Sang-gil. Unaweza kulificha jina langu, ila hapa Sokcho ukitaja mwiko tu wameshanijua.

*

Ndugu Eom,

Jina nimeliacha, maana mwiko wako haufichiki. Umeniomba nisicheke, na nimeshindwa pale kwenye mvua, unisamehe. Nilipofika kwenye mlango wa nyuma kicheko kilikwisha chenyewe. Nina miaka mingi katika safu hii na nimesoma maneno mabaya ya wazazi kwa watoto wao, na lako halimo mwishoni mwa foleni.

Tuanze na mkasi. Umeupenyeza katikati ya barua ukidhani macho yangu yamechoka. Wewe, mwenye mgahawa ambamo ni mwiko kutumia mkasi, unasubiri wateja waondoke ndipo ujifungie jikoni ukate tambi zako vipande vipande. Kama si ugonjwa, mbona mkasi unakaa nyuma ya siki na hauko mezani? Umekula peke yako miaka yote kwa sababu ya meno, mzee wangu, na huyo mtoto amekua akikuona. Amekataa kwenda kujificha jikoni na wewe. Ulipaswa kumshika mkono umpongeze, nawe ukamwonyesha mlango wa nyuma.

Wapo wanaoniandikia kila wiki wanataka kukatwa taya zima lisilo na kasoro ili watoke vizuri kwenye picha, na hao huwa nawachamba mpaka wananinunia. Da-seul si wa kundi hilo. Anataka taya lifanye kazi ya taya: kuuma, kutafuna, kutaja Samcheok abiria akafika Samcheok. Na kama moyoni mwake kuna na tamaa kidogo ya kupendeza, ana miaka ishirini na saba, uso ni wake.

Dada yako mpe salamu zangu kwa heshima zote. Mwambie kama kidevu ndicho kinachobeba bahati ya uzeeni, yeye aliye nacho kizima mbona bado anaanika ngisi kwenye upepo ule wa Sokcho. Msoma nyuso amekula chake, tumwache.

Huzuni yako lakini siichezei. Nilipofika kwa baba yako na bango kifuani nilivua miwani nikaenda kujimiminia maji. Mtu aliyekuja bila picha ya mama yake hana picha nyingine ila nyuso za watoto wake, na daktari anayepima kwa rula hawezi kujua kwamba anapima na hilo. Una haki ya kulilia. Lilie na mkeo, lilie na dadako, mtoto usimtwishe. Hakuzaliwa kuwa bango.

Tena nikuulize. Unaogopa watu wa baba yako watapita bila kumjua, haya, huyo baba yako mdogo anaitwa nani? Umeniandikia barua ndefu hivi, kidevu umekitaja mpaka nikashika changu, na jina lake hukuliandika. Kijiji chao je? Mama yao aliitwa nani, baba yao alifanya kazi gani? Kidevu hakiwezi kutamka jina la kijiji, na nina wasiwasi kwamba Da-seul naye hawezi, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Hapo ndipo ukoo unapopotelea, wala si kwenye chumba cha upasuaji.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo liko mbele yako na hulioni. Nyumbani kuna mama, mzima wa afya, aliye upande wa binti tangu mwanzo. Hospitali walipouliza nani atalala pembeni yake siku mbaya kuliko zote, Da-seul hakumtaja anayemkubali. Alimtaja anayempinga. Na ulipokwisha kumtukana angeweza kusema basi, nimebadili, Mama atakuja. Hakubadili. Alisimama mlangoni akakwambia jina lako bado liko pale. Mtu anayetaka kuwafuta akina Eom usoni mwake hamchagui Eom mkaidi kuliko wote awe ndiye wa kumuuguza.

Kwa hiyo unakwenda, na hilo halina mjadala. Jumatano unafunga mgahawa, watu wa Sokcho watakula kitu kingine. Beba ndala, taulo na blanketi zito, maana kile kitanda cha muuguzaji ni kifupi, kiko karibu na sakafu na kitakuumiza kiuno, vumilia. Mimi si daktari, basi unayoyaogopa muulize aliyesomea: ganzi ya midomo inakaa muda gani, usiku atapumua vipi, kuna hatari gani. Uliza polepole mpaka uelewe, na neno bahati lisikutoke.

Akiruhusiwa kunywa, hapo ndipo nakuonea wivu. Wengine hufika na maziwa ya dukani wakabaki wanashangaa. Wewe umepika supu ya ng'ombe nusu ya umri wako. Ichuje kwa kitambaa isibaki chembe, isiwe na pilipili wala siki, na uji wa mchele uuchuje vivyo hivyo, umtilie kwenye ile chupa laini ya kubinya, kidogo kidogo pembeni mwa shavu, usimharakishe. Kitakachomwagika futa, nyamaza.

Halafu mdomo wake utakuwa umefungwa. Baba mkorofi hapewi nafasi ya namna hiyo mara mbili, binti mwenye mengi ya kukujibu na hawezi. Kwanza mwombe radhi kwa lile la mlango wa nyuma, ulitaje hivyo hivyo lilivyo, na usiweke "lakini" mwishoni. Baada ya hapo mpe majina. Babu yake mdogo, kijiji, mto uliopita karibu, walikula nini siku ya mwaka mpya, yote uliyoyasikia kwa baba yako ukiwa unaosha mabakuli. Atayashika. Watu wasioweza kusema husikia vizuri sana.

Unasema unaogopa hutamjua. Ni kweli, siku ya kwanza hutamjua. Atakuwa amevimba mpaka macho, mashavu yamebadilika rangi, hafanani na akina Eom wala na mtu yeyote uliyewahi kumwona, na mkeo aliyemzaa angesita pale mlangoni kama wewe. Na yeye atakuwa hajijui. Atakapofumbua macho hatakuwa na kioo karibu, atakuwa na wewe tu, na atakutazama usoni kwa muda mrefu ili ajue amekuwa nani. Basi kabla hujausukuma huo mlango simama kidogo, upange uso wako, kisha ingia umwite Da-seul.