Gari Jeupe Lenye Redio

Luseno, nimetoka mkutano wa chama chetu cha mazishi hapa Kayole.

Tulikuwa tunachagua gari la kununulia chama, la kutupeleka nyumbani Lugari. Nikasema tuchukue Land Rover kuukuu ya Kabiru, yule fundi wa Kariobangi, kwa sababu mvua ikinyesha ile barabara ni uji mtupu. Mwenyekiti Patrobas akacheka. "Mzee Opicho, tutaonekana washamba. Hili gari jeupe la chini lina redio."

Lina redio.

Nikamuuliza, likikwama nani atasukuma? "Vijana wa kule wapo."

Mwaka jana wakati wa El Nino walikuwepo. Jeneza la mke wangu Lenah walilibeba mabegani kutoka mtoni, gari lilipokwama, mpaka bomani, na Patrobas akabaki garini asichafue viatu. Nikalisema hilo mbele ya wote. Wakainua mikono, jeupe likapita.

Sasa sikia. Eti kwa heshima ya mgane, mimi ndiye nitalipanda wa kwanza, Aprili, mvua ikiwa imeanza, tukienda kulijengea kaburi la Lenah.

Nimekubali. Nimemwambia Patrobas akae mbele na redio yake. Mimi nakuja na gambuti za matope, jozi moja tu.