Kitambaa Chekundu cha Mtamboni

Jumanne, 4 Machi

Kofia wangu,

Leo nimekaa mahali pako. Ubao ule wa nyuma wa boti, ulioupigilia kipande cha godoro kuukuu ili nyonga zisikuume. Mdogo wako alishika usukani, mimi mshipi. Alikuwa amesema hawezi kuendesha na kuvua peke yake, nikamwambia basi nitakwenda mimi. Akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akasema, shemeji, wewe ukipanda ngazi tu unashika ukuta. Kweli. Lakini nimekwenda. Nimevaa kofia yako ya njano, ile iliyokupa jina. Jua lilikuwa kali, na pia – basi tu, niliitaka kichwani.

Sikujua mtambo ni mkubwa hivyo. Miaka yote ulisema “naenda mtamboni” kama mtu anayesema naenda dukani. Kumbe ni jumba la chuma la kuchimbia gesi, limesimama kwa miguu katikati ya maji! Mabomba, ngazi, winchi, na soksi za watu zimeanikwa. Linanguruma bila kupumzika. Walinzi walituchungulia wakatuacha. Boti wanaijua, mradi hatufungi kamba kwenye nguzo.

Sikupata kitu cha maana. Nilitia chubwi kubwa, ile risasi ya kuzamisha, mshipi ukashuka moja kwa moja mpaka chini. Nikatoa vichangu vya ukubwa wa kiganja, nikavirudisha. Halafu akauma mmoja mzito. Nikafurahi mapema. Akakimbilia kati ya nguzo, chaza waliogandia kwenye chuma wakaukata mshipi kama wembe. Haya yote ulikuwa umeniambia. Ulikuwa unayasema ukila, na mimi akili iko kwenye cherehani.

Jumatano, 5 Machi

Nina sare za shule za kumalizia, lakini tangu asubuhi najaribu kukusikia.

Ulisema boti ikae upande maji yanakokwenda, si yanakotoka, pua ikiutazama mtambo. Chubwi nisitie kabisa, au nitie ya ukubwa wa punje ya mahindi, maana chambo kinatakiwa kianguke kama kombo la chakula, kisianguke kama jiwe. Changu wadogo wako chini. Wale wekundu wakubwa wanaelea juu yao, mbali kidogo na nguzo, wanangoja. Akiuma nisimkwapue. Ile ndoana ya duara hujifunga yenyewe kwenye pembe ya mdomo, kazi yangu ni kukaza. Kisha nivute haraka mwanzoni, “kabla hajakumbuka kwao ni wapi.” Hapo ulikuwa unacheka kila mara, na wali mdomoni.

Na la mwisho: mngoje mpishi.

Mpishi wa mtamboni. Mama mtu mzima, ulisema, anayemwaga makombo ya jikoni baharini. Akitundika kitambaa kwenye reli, ujue ndoo inakuja, na samaki wanapanda. Kila mwisho wa mwezi ulimchagulia changu mmoja mzuri. Mimi nikamtoa matumbo, nikampaka chumvi na ndimu, nikamfunga kwenye gazeti, ukampa baharia wa boti ya mizigo ampelekee. Mama mtu mzima! Nilikuwa namwonea huruma, na magoti yake, juu kule kwenye ngazi za chuma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwona.

Kwanza niseme habari njema. Tulikaa ulivyosema, nikatoa chubwi, nikaachia chambo kiende na maji. Kitambaa kikatundikwa. Ndoo ikamwagwa. Maji nyuma ya boti yakabadilika rangi – wekundu, Kofia, wengi, wanapanda kama watu wanaoitwa kula. Nilivuta mpaka viganja vikawaka. Shemeji akaacha kunitania.

Sasa habari nyingine. Huyo si mama mtu mzima. Huyo ni msichana mwenye shingo ndefu na aproni iliyofungwa ikabana kiuno. Aliinama kwenye reli akatupungia. Hakupunga kwa vidole. Alipunga kwa mkono mzima, kuanzia begani, namna mtu anavyompungia mtu wake kituoni. Na alikuwa anatazama mahali pako.

Na kile kitambaa. Chekundu, chenye ukingo mweupe. Ni kipande cha mapazia ya ukumbi wa shule, niliyoyashona mwaka juzi! Ule ukingo ni mkono wangu, naujua hata kwa mbali. Ulikichukua kwenye kapu la vipande ukasema unataka cha kufutia mikono.

Sikupunga.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua. Nimepiga pasi. Nimekaa. Kila nikikaa namwona ameinama kwenye reli.

Nakumbuka jinsi ulivyokuwa unachagua yule samaki wa mwisho wa mwezi. Unamgeuza, unamrudisha, unachukua mwingine. Unasema huyu ana shavu zuri. Na mimi hapa jikoni nakamulia ndimu! Mikono yangu hii ilimtayarishia msichana wa watu zawadi, na chumvi nikapima vizuri isizidi.

Nimeulizia kwa shemeji, kwa mbali, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua. Je, huyo mpishi yuko pale muda mrefu? Akasema kitambo. Je, kaka yako aliwahi kuongea naye? Akasema wataongeaje, yeye yuko ghorofani na sisi tuko majini, na ule mtambo unanguruma. Halafu akanitazama, akatabasamu upande mmoja. Namchukia akitabasamu hivyo, anafanana na wewe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya ujinga.

Nilikaa nikiupa mtambo mgongo. Sikutaka kuona kitambaa. Shemeji alikuwa anahangaika na injini, hakuangalia juu. Ndoo ikamwagwa, samaki wakapanda, wakala, wakashuka, na mimi mshipi wangu bado umekunjwa mapajani. Tumerudi na ndoo tupu. Njiani shemeji alisema taratibu, bila kugeuka, “Shemeji, unamnunia mtu asiyejua hata kama upo.”

Hapo ndipo pananiuma. Kwamba hajui hata kama nipo.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nilimbana shemeji. Tulikuwa tumevuta boti ufukweni, anasafisha plagi ya injini. Nikamwuliza waziwazi: kwa nini kaka yako aliniambia ni mama mtu mzima?

Akaipuliza ile plagi kwa muda mrefu. Nikajua kuna jambo.

Akasema, “Kwa sababu hakuwahi kumwona. Macho yalikuwa yamekwisha, shemeji.”

Nikaketi mchangani.

Akasema lilianza jicho la kulia, kisha la kushoto likafuata. Karibu uliona kidogo, mbali uliona ukungu. Njia ya kwenda mtamboni mlikuwa mnaifuata kwa macho yake yeye, wewe ukisema kulia na kushoto kwa mazoea. Mpishi kwako alikuwa ni sauti ya ndoo tu. Mwanzoni alikuwa anatundika taulo la kijivu, ukawa hulioni mwenyewe, makombo yanakupita kila shemeji akiinamia injini. Ukampelekea kitambaa kupitia baharia, pamoja na ujumbe: tundika hiki, hiki nakiona. Mama mtu mzima ulimtunga mwenyewe. Kwamba mtu anayemwagia samaki kwa mpangilio namna ile lazima awe amelea watoto.

Nikamwuliza kwa nini mimi sikuambiwa. Akasema uliogopa ningekukataza bahari.

Ningekukataza. Ni kweli.

Nimerudi nyumbani nikasimama uani kwenye kamba ya nguo. Unakumbuka ule mchezo? Uliniambia nitundike vipande vya vitambaa hapa, wewe ukaenda kusimama kule kwenye bomba la maji, ukawa unataja rangi. Bluu ukaikosa. Kijani ukaiita nyeusi. Nikacheka nikakuambia fundi wa rangi huyo! Chekundu ukakitaja mara moja. Ukarudi mbio, ukanibusu shavuni, ukasema hiki. Nilidhani ni mapenzi ya mchana.

Na ndoana. Ulisema vidole vyangu ni vidogo, ndiyo maana nikufungie mimi. Miaka yote najisifu kwa vidole.

Sasa nimwonee wivu nani? Mdogo wako alikuwa na macho yako, mimi nilikuwa na vitambaa tu. Alijua. Alikuwa anakuambia “anapunga” na wewe unapunga mkono. Jioni unakuja kukaa nami, unanitazama usoni, unaniambia nimependeza. Ulikuwa unaona nini?

Jumamosi, 15 Machi

Tumepata samaki. Leo nilikaa sawasawa, nikautazama mtambo. Akatundika, akapunga. Nikainua mkono kidogo, kama anayekuna sikio.

Gatini baharia mpya wa boti ya mizigo alitujia. Yule wa zamani amehamishwa, huyu hamjui mtu. Akauliza, Kofia ni nani hapa? Akaiangalia kofia ya njano kichwani kwangu, akachanganyikiwa. Akasema ana ujumbe kutoka kwa mpishi. Mpishi anauliza kama Kofia amekasirika. Boti ilipotea, imerudi, lakini mzee siku hizi hapungi, na samaki wa mwisho wa mwezi hakuja. Kama ni makombo yamepungua, si yeye, ni wafanyakazi wamepunguzwa. Anashuka likizo Jumatatu na boti ya mizigo. Anaomba Kofia awe gatini, amwone hata mara moja.

Shemeji alifungua mdomo ili amwambie. Nikamkanyaga mguu.

Sijui kwa nini. Ninajua. Tulikuzika mwezi wa kwanza. Mtaa mzima unajua, fundi viatu anajua, mbwa wa jirani amekwisha zoea. Kila mtu anaponiona anainamisha kichwa. Yupo mtu mmoja tu duniani ambaye kwake wewe bado uko hai, umekaa kwenye boti na kofia yako, umenuna kidogo tu. Na mtu huyo si mimi.

Wivu wa namna hii sikuujua. Ule wa shingo na kiuno ulikuwa mchezo wa watoto.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika gatini, kwenye benchi la mbele ya duka la kamba. Boti ya mizigo imekwisha ingia, bado wanaifunga. Shemeji alitaka kuja, nikamwambia hapana, hili ni langu.

Asubuhi nimemtayarisha changu. Nilimgeuza, nikamrudisha, nikachukua mwingine. Mwenye shavu zuri. Matumbo, chumvi, ndimu, gazeti. Yuko hapa mapajani, ubaridi wake unapenya kwenye gauni.

Nilikuwa nimeamua kuja kichwa kitupu. Kofia nikaiacha msumarini. Nikafika kwenye kona ya fundi viatu, nikarudi kuichukua. Sasa iko kichwani, na sijui ninachofanya. Nikiivua kabla hajaniona, atamtafuta mzee asiyekuwepo. Nikibaki nayo, atakuja anacheka mpaka hapa kabla hajagundua.

Nataka kumwuliza jinsi ulivyokuwa unapunga. Mimi hukuwahi kunipungia hivyo, sikuwahi kuwa mbali nawe kiasi hicho. Yeye anajua mkono wako ulivyokuwa hewani. Mimi najua ulivyokuwa shingoni kwangu ukilala. Labda tubadilishane. Labda nisimpe kitu, nimpe samaki niondoke.

Wanashuka. Mafundi wenye mabegi. Mlinzi. Huyu hapa – ni mfupi kuliko nilivyodhani, ule urefu ulikuwa wa mtambo. Macho yamechoka. Amefunga kile kitambaa kichwani. Chekundu, ukingo mweupe. Anatafuta. Ameona njano.

Ameinua mkono mzima, kuanzia begani.

Anakuja, Kofia. Nikiivua, utakufa na kwake pia, na nitabaki mimi peke yangu wa kukushikilia. Mkono wangu uko kwenye ukingo wa kofia.

Popote ulipo, macho yako yakiwa yamefunguka, watazame wote unaotaka kuwatazama. Lakini na mimi unikumbuke.