Nimefunga Amplifaya, Nimemsikia Aliyetukosesha Ushindi

Mpendwa Mama Coletha, Tumsifu Yesu Kristo. Hii ni mara yangu ya kwanza kuandika gazetini na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mpangilio unisamehe, ila naomba msaada wako maana nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa, na mke wangu amesema nisipolitoa kwako atalitoa yeye kwenye jumuiya, na mke wangu huyo hatanii. Jina langu msiliandike tafadhali.

Mimi ni mkulima wa Maisaka hapa Babati, nina miaka hamsini na tatu. Nina Corolla ya zamani yenye redio ya kaseti, watoto wanaicheka, lakini sijakubali iguswe kwa sababu ya kaseti moja tu, ya kwaya yetu ya kigango, iliyorekodiwa mwaka 1996 siku ya mashindano kule Dareda, kwa redio ndogo iliyowekwa kwenye benchi mbele yetu sisi wa sauti ya nne. Mama Coletha, sijui nikueleze vipi enzi zile. Tulikuwa tunatoka shambani moja kwa moja na udongo miguuni tunaingia mazoezini, kigango hakina dari, mvua ikipiga bati mwalimu wetu marehemu Marcelino ananyamaza na sisi tunanyamaza, tunakaa tunaangaliana tukicheka mpaka ipite, halafu anainua mkono na tunaendelea pale pale tulipoachia. Siku ya kwenda Dareda tulipanda lori juu ya magunia ya mahindi, tukaimba njia nzima, watu wakiacha majembe kutuangalia, na Philomena wa sauti ya kwanza akiimba unajisikia kama umeoga. Kwaya itakayoshinda ilikuwa inapelekwa Arusha kurekodi studio. Tulikuwa na uhakika ni sisi.

Katika wimbo wetu kulikuwa na mahali pa kimya, kabla ya Aleluya ya mwisho. Mwalimu anainua mkono, na mkono ukiwa juu hakuna hata wa kupumua, unahesabu mapigo mawili, ukishuka ndiyo wote tunaingia. Siku ile mkono ukiwa bado juu, sauti moja nzito ikaingia peke yake. Waamuzi wakaandika kwamba sauti ya nne imetangulia, tukawa wa pili, Arusha wakaenda wengine.

Mwalimu alimtazama Theodory aliyekuwa amesimama ubavuni kwangu. Theodory alikuwa amekosa mazoezi wiki mbili kwa ajili ya mavuno, basi na sisi wote tukamtazama. Akasema siyo mimi jamani. Kwenye lori kurudi hakuna aliyeimba. Jumapili iliyofuata akasema tena siyo mimi, tukacheka. Jumapili ya tatu akasimama mbele ya kwaya, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akasema, "Ndugu zangu, huenda ni mimi, nisameheni." Tukamsamehe, ila hakuimba tena. Alihamia Bonga, akafungua mashine ya kusaga, na mpaka leo anakuja kanisani, anakaa benchi la nyuma, wakati wa nyimbo anafunga mdomo na kuangalia kitabu.

Na kuna jina. Tulimwita Mtangulizi. Mwenye kulianzisha ni mimi, tulikuwa kwenye arusi, nikasema mleteeni chakula Mtangulizi maana yeye hawezi kusubiri wenzake, watu wakacheka mpaka wakashika matumbo, likamganda. Sasa hivi akina mama wanaambiana twendeni kwa Mtangulizi tukasage, na watoto wake shuleni waliitwa hivyo hivyo. Yeye mwenyewe ameandika mlangoni kwa rangi nyekundu, MASHINE YA MTANGULIZI.

Sasa mwaka jana tulimzika Philomena. Nilipotoka makaburini niliweka kaseti kwenye gari nimsikie, nikaambulia mkwaruzo, spika za mlangoni zimechanika zote. Nikaumia sana. Mwezi huu, nilipopata hela, nikaenda kwa fundi anaitwa Rama, karibu na stendi. Akaniambia, "Mzee, hii redio tuitupe, nikuwekee ya flashi." Nikamwambia redio haitoki. Akasema, "Sasa mzee wangu, unataka mziki mnene kwa kaseti?" Nikamwambia siyo mziki, ni kwaya. Akacheka, akasema, "Kwaya nayo ina besi, mzee." Akaiacha redio yangu, akachukua nyaya zake za spika akazipitisha kwenye amplifaya aliyoifunga chini ya kiti, akavuta waya mnene na fyuzi yake kutoka kwenye betri, akabadilisha spika zote na kwenye buti akaweka boksi la besi.

Jumapili iliyofuata baada ya Misa nilikaa ndani ya gari uani kwangu, mke wangu pembeni na ungo wa maharage anachambua. Nikaweka kaseti. Mama Coletha, nililia. Philomena alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Marcelino nilimsikia akigonga mguu kuhesabu. Watu niliowasahau majina wakarudi mmoja mmoja. Tukafika pale kwenye kimya. Zamani pale palikuwa mkwaruzo tu halafu ile sauti. Safari hii nilisikia mtoto analia mbali nje ya kanisa, halafu mtu karibu na redio anasafisha koo, mara mbili fupi na moja ndefu, halafu "A—".

Mkono wa mke wangu ukasimama kwenye ungo.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu akasema, "Baba Edda, huyo ni wewe."

"Mimi nani?"

"Wewe. Hilo koo nimelala nalo miaka ishirini na saba. Ukitaka kuanza sala ya chakula unalisafisha hivyo hivyo, watoto wanakuiga ukiwa hupo."

Nikasema labda na Theodory ana koo la namna hiyo. Akaniangalia tu, akasema, "La Theodory utalijulia wapi? Mtu haimbi." Akachukua ungo wake akaingia ndani.

Naapa sikuwa najua. Nakumbuka nilikuwa na mafua siku ile, zaidi ya hapo sikumbuki, na tangu mwanzo niliamini ni yeye kwa sababu wote waliamini ni yeye.

Tatizo ni kwamba baada ya wiki tatu kigango kinafanya jubilei ya miaka arobaini, na kamati imesikia gari langu sasa lina sauti nzuri, wanataka nilipaki mbele ya kanisa nifungue milango yote, kaseti ipigwe tuwakumbuke marehemu wetu. Mwenyekiti amenipigia anacheka, "Na Mtangulizi awepo, ajisikie!" Mimi ni mzee wa kanisa, Mama Coletha, ndiye ninayesuluhisha ugomvi wa watu. Nimefikiria kusema kaseti imeliwa na redio. Nimefikiria kwenda kuungama kimya kimya kwa padre iishe. Nimefikiria kumwambia Rama aing'oe amplifaya, irudi ile sauti ya zamani isiyosikika vizuri. Marcelino ameshakufa, Theodory ameshazoea, jina ameliandika mwenyewe mlangoni. Kuna faida gani kufukua? Naomba unishauri, amplifaya niitoe au niiache?

Ni mimi, Mwimbaji wa Zamani, Maisaka.

MAMA COLETHA ANAJIBU

Milele amina, Baba Edda. Barua yako nimeisoma mara mbili, na lile lori la magunia limenirudisha na mimi mbali, kwa hiyo usidhani nakuandikia nikiwa sina huruma. Mtu aliyemlilia Philomena ndani ya gari si mtu mbaya. Lakini kaa vizuri, maana nakusema.

Kwanza, umeniomba nifiche jina lako. La Theodory umeliandika wazi, na mashine yake, na anapoishi, na hukuomba lifichwe. Majina yote nimeyabadilisha kabla ya kuchapa, ya watu na ya mahali, hata lile la utani. Lako kwa kuwa umeomba, lake kwa kuwa hukukumbuka. Hapo tu umeshaona ugonjwa wako ulipo.

Pili, amplifaya haina kosa. Umeniuliza kuhusu chombo kana kwamba ndicho kilichotangulia kuimba. Fundi wako amefanya kazi safi, muache. Ukiing'oa, utakuwa umeziba mdomo Philomena, na Marcelino, na kwaya nzima, ili wewe mmoja usisikike.

Kuingia kabla ya wenzako mwaka 1996 ukiwa na mafua sikulaumu hata kidogo. Ulikuwa kijana, kimya kilikuwa kirefu, koo linawasha. Ninachokulaumu ni kile cha arusini, kwa sababu pale hukuwa na mafua. Na umeniambia Theodory amezoea. Baba Edda, mtu alisema siyo mimi mara mbili mkacheka, mara ya tatu akajishitaki kwa kosa ambalo hakulifanya ili mumpende tena. Hakuzoea. Alichoka kubishana na watu wengi. Lile jina aliliandika mlangoni alisome yeye kwanza kabla hamjamsomea.

Kuungama nenda, ni vizuri sana, na padre atakuelekeza. Ila padre hawezi kufuta rangi nyekundu kwenye mlango wa mashine kule Bonga. Na uongo wa kaseti kuliwa na redio usiuguse. Mkeo ameisikia mara tatu.

Sasa sikiliza utakachofanya. Usingoje jubilei, nenda wiki hii, mchana, saa ambayo mashine imezimwa. Nenda na hilo gari na Mama Edda awe nyuma, maana bila yeye najua utaishia kuongelea mvua. Kama Theodory amekuzidi umri, mpe shikamoo yake. Usianze na kaseti, atadhani umemletea dhihaka nyingine mpaka nyumbani. Anza na maneno, ukiwa umesimama, mafupi: "Theodory, siku ile ni mimi. Na lile jina nililianzisha mimi. Nisamehe." Usiongeze mafua, usiongeze kwamba wote waliamini. Akitaka kukufukuza, ondoka, na kesho yake urudi.

Jubilei ikifika, utasimama mbele ya watu kabla kaseti haijawekwa, umwambie mwenyekiti wako anayecheka na kanisa zima ni nani aliyetangulia. Mzee wa kanisa hapungukiwi na hilo. Na kama Theodory atasema hataki ipigwe, haipigwi, na hiyo kamati utaikabili wewe. Usimwombe aimbe. Hilo ni lake na Mungu wake.

Lakini kule Bonga akikubali kusikiliza, mfungulie mlango wa mbele akae kwenye kiti cha dereva, na kitufe cha sauti ashike yeye. Aongeze anavyotaka, arudishe anavyotaka, asikie kwa masikio yake koo la mtu mwingine na sauti ya mtu mwingine. Wewe kaa pembeni yake. Hata koo usilisafishe. Kitakuja kimya pale, na kitakuwa kirefu kuliko cha Marcelino. Safari hii, Baba Edda, subiri mpaka yeye aanze.